Ukurasa wa Kumi na Nne

Jina langu limo katika daftari la Atuganile,
ukurasa wa kumi na nne, mstari wa tatu kutoka juu:
Anyosisye. Maharage, sado sita. Mbegu, si ya kupika.
Hayo maneno ya mwisho kayapigia mstari mara mbili.
Ananijua.

Mwaka ule aliouza mbuzi wawili anunue mapipa ya bluu
nilikuwa nimekaa kwa fundi baiskeli, Isongole barabarani,
nikasema kwa sauti, asikie akipita:
"Huyu anajenga choo, au anahamisha bahari?"
Tukacheka mpaka fundi akaangusha spana.
Yeye akapita, pipa kichwani,
wala hakugeuza shingo.

Mimi nilikuwa mtu wa viazi.
Viazi vyangu vilipanda lori kwa lumbesa,
gunia limevishwa kofia, kofia imevishwa kilemba,
na dalali akihesabu: gunia moja.
Nikapokea. Nikashukuru. Nikanywa.
Kwake hakuna lumbesa. Kuna mizani
iliyoning'inia kwenye boriti, na mshale wake
haumjui shemeji wala mchungaji.

Kisha mvua.
Sisemi mvua ya hapa, tuliyoizoea,
inayokulowesha asubuhi na kukuomba radhi mchana.
Hii ilikuja Machi ikasahau njia ya kurudi.
Usiku mmoja ubavu wa mlima ukashuka,
ukapita shambani kwangu bila hodi,
ukachukua matuta, ukachukua miparachichi saba ya marehemu baba,
ukaniachia tope
na kiatu kimoja cha mtoto nisiyemjua.
Viazi vilivyosalia vikashikwa na baka;
nikifukua, mkono unatoka mweusi, unanuka.
Daraja likaenda. Lori halikuja.
Sado ya unga ikafika bei ya kuku,
na kuku akawa hana bei,
maana nani angemlisha?

Ndipo ghala ya mabanzi ikafunguliwa.
Wanawake kumi na mmoja, kanga viunoni,
Atuganile, Tumpe, Tupokigwe mwenye jicho moja,
mama Lusajo na kitoto mgongoni.
Mapipa yakafunuliwa, harufu ikatoka,
kavu, ya jua la mwaka jana.
Sikujua kuwa jua nalo huwekwa akiba.

Dalali akafika, kavushwa mto mgongoni mwa kijana,
akataja bei mara tatu ya bei.
Atuganile akanyamaza. Msidhani hakutamani.
Ana ada ya shule, ana mkopo wa kikoba;
alihesabu kwa vidole chini ya kanga,
niliona kanga ikitikisika.
Kisha akasema: "Mapipa mawili. Kwa bei yako hiyo hiyo.
Yaliyobaki yana wenyewe."
"Wenyewe kina nani?"
Akatuonyesha kwa kidevu, sisi wa foleni,
na mimi nyuma kabisa, mfuko nimeukunja kwapani.

Zamu yangu ilipofika hakutaja choo, hakutaja bahari.
"Nyoosha mfuko," alisema.
Akapima. Mshale ukatulia.
Akatazama, akachota punje tatu, akazirudisha pipani.
"Sita ukichukua, saba ukirudisha. Agosti."
Nilitaka kubisha juu ya ile ya saba.
Nikakumbuka kilemba cha lumbesa.
Nikatia dole gumba kwenye wino.

Leo ni Agosti. Baridi inauma mpaka kwenye meno,
majani ya maboga yameungua kwa sakitu.
Nimepeleka sita na nusu.
Nusu ameiandika, ukurasa ule ule, kwa kalamu nyekundu.
Nikasimama mlangoni kama mtu aliyesahau kofia,
hatimaye nikamuuliza, polepole, fundi asinisikie,
pipa moja la bluu
ni shilingi ngapi?

Akanitajia.
Limepanda.