Toa

Maelezo ya zana niliyaandika kwa maneno mawili:
"Hutoa vitabu."
Nikafunga kompyuta, nikatoka
kwenye theluji ya Akureyri.

Asubuhi Hallbera wa maktaba akanipigia:
vitabu mia nne na kumi havimo daftarini.
Wakala alitii. Alitoa.

Nimlaumu vipi? Hajawahi kushika kitabu,
hawezi kunisoma usoni.
Ana sentensi yangu, basi.

Nikaanza upya:
"Humwazimisha msomaji kitabu kimoja."
(Si "humwazima"; nalo lina sura mbili.)
"Haifuti rekodi.
Namba ya kadi ikikosekana, uliza.
Usibahatishe."

Jioni, mlangoni pa friji, karatasi ya mwanangu:
"Mama, nimetoa samaki."
Nikasimama na koti langu,
nikinusa kwanza.