Mshiriki Namba Kumi na Nne

Nilipoanza kazi huku kilimani
uzamili wote ulitosha kwenye droo moja,
na droo yenyewe tuligawana na vikombe vya chai.
Majina saba kwenye kaunta buku,
mistari imepigwa kwa rula ya mbao;
saba tu, na wawili kati yao hawakuripoti.
Mkurugenzi alikuwa na kiti, mimi nilikuwa na dirisha,
na dirishani upepo wa Agosti
ukiingiza vumbi la Ng'ong'ona bila kibali.

Uzamili, uzamivu:
maneno ya wapiga mbizi,
na sisi huku mvua tunaihesabu kwa vidole.

Sasa njoo uone.
Makabati yametoka ofisini, yamepanga foleni koridoni
kama wagonjwa.
Kuna fomu ya kubadili mada,
fomu ya kubadili msimamizi,
fomu ya kuomba muda kwa kuwa msimamizi
amehamia Mwanza na simu hapokei.
Kuna kamati ya maadili, kila Jumatano ya pili,
na Dokta Sechelela Mnyambwa, miwani imemshuka puani,
akiuliza lile lile:
"Na hao mliowahoji, matokeo watayapataje?"
Watahiniwa hutazama viatu vyao.

Usidhani nalalamika.
Nimemwona Masagasi, mtoto wa mkulima wa zabibu wa Hombolo,
akitoka kutetea tasnifu,
shati limemganda mgongoni,
akaniuliza choo kiko wapi,
akajifungia humo akilia
hadi mlinzi akagonga mlango.

Ila kuna jalada moja.
Lilikuja Machi, mwaka ule mfumo mpya uligoma
tukarudi kwenye karatasi wiki tatu.
Mada: maamuzi ya kaya wakati wa upungufu wa chakula,
Wilaya ya Chamwino.
Fomu za ridhaa arobaini, zimebanwa pini.
Wengi wamesaini. Wengine wameweka dole gumba
kwa wino wa zambarau,
na dole la kumi na nne
lina mkato wa mshazari
kama njia ya mbuzi inavyokata shamba la uwele.

Mkato huo naujua.
Ni kisu cha mavuno, mwaka niliozaliwa.
Jina limefunikwa, kama kanuni inavyotaka.
Na kanuni naijua: niliichapa mimi.

Nilibaki hadi giza.
Ukurasa wa themanini na saba, Mshiriki Na. 14:
"Mwaka ule nilitwanga mbegu.
Ile ya kupanda, iliyokuwa juu ya moshi.
Watoto niliwaambia nimekopa dukani.
Wakala, wakaomba tena."

Uji ule naukumbuka.
Ulinukia moshi,
nikasema, mama, wa leo mtamu kuliko wa siku zote.

Mtafiti ameweka tanbihi: tazama Jedwali la 6.
Nikalitazama.
Yumo: asilimia mbili nukta tano.

Jumamosi nikaenda Mvumi na sukari kilo mbili.
"Mbukwa," akasema, akanisogezea kigoda.
Tukala mlenda. Akauliza kazi.
Nikamwambia kazi imekua, makabati hayatoshi.
"Mnaweka nini humo?"
"Karatasi, mama."
Akacheka. Akafuta ukingo wa bakuli
kwa dole gumba lile lile, akalilamba.
Kinywa changu kilijaa maneno
na hakuna hata moja lililokuwa langu kulisema.

Jumatatu nikagonga muhuri: IMEPOKELEWA.

Fomu ya sasa ina kipengele cha tisa:
Matokeo yatarudishwaje kwa washiriki?
Chini yake mistari mitatu mitupu.
Wengi huandika: kwa njia ya warsha.
Nawarudishia. Pembeni, kwa penseli,
mimi karani, nisiye na digrii hata ya kuazima,
naandika: fikiria tena.