Kadi ya Arobaini na Moja

Korona ya Ngomeni (si ule ugonjwa,
jina hili sisi tulikuwa nalo zamani)
ilianza kutafuna singa Jumanne.
Zikatoka fupi, chafu, kama nywele za mgonjwa.
Meneja akasema: "Kilua, si wewe ndiye fundi?"
Fundi! Miezi minne kazini, spana ya kuazima.

Nikapekua simu hadi bando likakata.
Dunia nzima imo: ndoa za watu, mipira, dawa za nguvu.
Pengo la kisu na ngoma ya mashine kuukuu vile,
hakuna.

Marehemu Semkiwa aliacha kopo la biskuti,
ndani kadi sitini na tatu za penseli,
nusu Kibondei, nusu grisi.
Nilizichapa zote usiku kwenye programu
aliyoniwekea binamu yangu wa Chumbageni.
Haijibu swali. Mkonge haiujui.
Kazi yake kufunga uzi toka wazo hadi wazo
na palipo wazi kupaacha wazi.

Kadi ya saba: *Mvua ikipiga siku tatu, jani hunenepa.*
Ya hamsini: *Legeza kisu, unene wa kadi ya posta.*
Miaka yote zimelala kopo moja bila salamu.
Uzi ukazikutanisha.
Nikasimama, nikakaa, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Ila ya arobaini na moja ilibaki yatima:
*Sikiliza. Ikiguna kama Mwantumu, zima.*
Mwantumu yupi?
Kioo kikanionyesha kisanduku kitupu, kinapepesa.

Asubuhi nikauliza hadi jikoni.
Alikuwa akifagia makapi chini ya mashine ile tangu kigori;
sasa anauza vitumbua njia panda ya Pongwe.
Akanipa kimoja, akafuta mkono kwa kanga,
akaguna: mguno mrefu, wa puani, unaoshuka mwishoni,
wa mtu aliyeudhiwa akaamua kunyamaza.
"Hivyo. Ikifika hapo, kisu kimegusa."
Halafu, akigeuza vitumbua:
"Semkiwa aliniuliza. Wewe wa pili."

Mguno nimeurekodi, nimeuweka kwenye kisanduku.
Singa leo zimetoka ndefu, nyeupe, meneja kanyamaza.
Programu bado inadai jina la kadi.
Nimekaa nayo tangu magharibi,
naguna, nafuta,
naguna tena,
sijui uandikwe kwa herufi gani.