Wapangaji wa Kiomoni

Debe la kokoto halihesabu umri wa jiwe.
Nilibakiza la nne, jua limeshanikalia kisogoni,
nyundo ikapasua bonge, na ndani yake kombe,
na juu ya kombe vijitundu vimefuatana
kama mshono wa fundi aliyelewa:
unakwenda, unapinda, unagawanyika,
unarudi kujikanyaga.

Semkiwa, kijana wa miamba,
lenzi shingoni kama hirizi,
alipiga magoti kwenye vumbi la chokaa.
"Kila tundu lilikuwa nyumba ya kiumbe mmoja,
mdogo kuliko punje ya ufuta. Kombe si lake.
Alidandia la mwenzie, akajenga ukuta,
ubavuni mwa ukuta akachipua wa pili,
wa pili akamchipua wa tatu.
Koloni."

Nikamwambia, taratibu na neno hilo.
Hapa Tanga lina miba ya mkonge;
babu yangu alizeekea humo, kipande mfukoni.
Akacheka. "Hii haikuwa na gavana, mama."
Na mwenye kombe, alilipwa kodi?
Hilo hakulijua.
Wala ukoo wao haujui: wengine huwaweka huku,
wengine kule, vitabu vinagombana,
na baharini hakubaki hata mmoja
wa kuulizwa.

Nikaifikiria nyumba yangu.
Kaka yangu Mhina alikuja na mkeka wa wiki mbili.
Akaegemeza chumba ukutani kwangu,
mwanawe akaegemeza kingine ubavuni mwa hicho,
mkwe akamalizia na banda la kuku.
Siku hizi dirisha langu linatazama kitanda cha mtu.
Usiku nasikia kikohozi, sijui cha nani,
nami nakohoa kukijibu.

Semkiwa alisema atarudi Jumatatu
na kisanduku na pamba.
Lori lilikuja Jumamosi.
Debe la nne lilipungua kwa ngumi moja,
na Kaniki dereva hapokei debe lenye shimo.
Nililipiga mara mbili. La tatu halikuhitajika.

Sitasema nililia. Nilinunua unga na mafuta ya taa.
Ila nasikia mzigo ule ulishushwa Makorora,
ukazama kwenye zege la mtu
anayejenga vyumba vya kupangisha.
Basi wamo.
Wameganda tena kwenye nyumba isiyo yao,
gizani, bila kuulizwa,
na juu yao mtu anapigilia bawaba
za mlango wa chumba cha sita.