Kipimo cha Shingo

Nilipima mara mbili, kwa futi ya chuma ya marehemu,
toka ukingo wa tairi la kushoto hadi ukingo wa la kulia:
inchi sitini na moja.
Donat, muuza mitambo wa Amqui, akaandika kiganjani.
Mashine iwe pana kuliko matairi, Réjeanne,
la sivyo trekta litapanda theluji uliyoibakiza
ulale njiani umeinama upande, kama kuku mgonjwa.

Nikamuuliza: ya futi sita, je?
Akacheka, tumbo likacheka naye.
Trekta lako lina farasi thelathini na watano,
na wawili kati yao nadhani walishakufa.
Ulilishe futi sita za theluji nzito ya mwezi wa tatu
uone litakavyokohoa.
Chukua hii ya inchi sitini na nne.

Tukabaki na swali la mbele au nyuma.

Ya mbele unaiona inavyokula.
Umekaa wima kama bibi harusi,
parafujo inasaga, feni inarusha,
macho yako yako kule uendako.
Lakini inadai fremu chini ya tumbo la trekta,
shafti ndefu, pampu nyingine ya haidroliki,
na bei ya ng'ombe wanne;
nami ng'ombe niliwauza
mwaka ule ule niliomzika Gonzague.

Ya nyuma ni pini tatu na shafti moja, basi.
Nusu ya bei. Ila unakwenda kinyumenyume,
mkono mmoja usukani, mwingine umeshika mgongo wa kiti,
shingo imesokotwa saa mbili nzima,
na upepo ukigeuka, bomba linakutemea usoni
kila ulichodhani umekitupa.

Ipo na ya tatu, ya kukokotwa, mdomo umeelekea mbele:
matairi hukanyaga kwanza, yenyewe hufuata ikiokota.
Hiyo ni ya watu wa theluji ya magoti.
Yetu hufika kifuani.

Jioni Yvan akapiga simu toka Montreal.
Mama, njoo ukae nasi, huku barabara husafishwa na jiji.
Nikasema, na njia ya Ovila Berthelot,
mwenye mguu mmoja wa Mungu na mmoja wa hospitali,
ataisafisha nani? Jiji?
Akanyamaza. Nikasikia mjukuu akililia uji.

Kesho yake nikarudi Amqui, pesa ndani ya soksi.
Donat akaniangalia kola ya koti.
Shingo hiyo, utaiweza?
Nikamwambia, Donat, huu mwaka wa nne natazama nyuma.
Imeshazoea.
Hakucheka.
Alipunguza dola mia mbili
kisha akajifanya anatafuta kalamu.

Dhoruba ilikuja Jumatano, ikalala kwetu siku mbili.
Ijumaa asubuhi nilitoka kupitia dirisha la jikoni.
Gia ya chini kabisa, injini juu,
nusu ya upana kwa kila mkupuo,
maana kinywa kikijaa hakisemi.
Theluji ikapaa, ikachora upinde juu ya uzio,
nikasahau shingo, nikasahau baridi,
nikawa naimba kitu kisicho na maneno.

Pale greda la barabara liliposhindilia ukuta, ngumu kama chumvi ya mawe,
ndipo ikalia TAK, parafujo ikasimama,
na hewani vikaruka vipande vyekundu vya bati,
bili ya umeme, katalogi ya mbegu.
Nilikuwa nimetafuna sanduku langu la barua.

Gonzague alikuwa akisema
bolti ndogo huvunjika ili giaboksi ipone,
ndiyo kazi yake, usiihurumie.
Nikazima injini, nikachomoa shafti,
nikapiga magoti na spana, glovu moja mdomoni.

Saa sita Ovila alifungua mlango wake,
akaikuta njia, akanikuta na mimi mwishoni mwake,
kisogo kikimtazama.
Akaniuliza kama nataka supu.
Ndani ya kopo la kahawa, chini ya kiti,
zimebaki bolti kumi na moja.