Ritifaa

Kifurushi hiki sikukiandika mimi.
Nimekirithi kama mtu anavyorithi kisima:
kukiuza huwezi, kukifukia huwezi,
na wanaoteka hawajui jina lako.
Aliyenitangulia aliacha barua ya mistari miwili:
nimechoka; majaribio yote yanapita.
Yalikuwa hayapiti.

Mchana natengeneza printa Kihesa,
nachomoa kurasa za tasnifu za watu zilizokwama.
Usiku, mgolole wa marehemu baba mabegani,
maana Juni ya Iringa haina mzaha,
nafungua programu saba ndogo.
Moja huchapa vikaratasi vya alama za ufunguo.
Moja huifunga sahihi ndani ya barua, ikamfikishia mwenyewe.
Moja huchora nani amemshuhudia nani,
mistari ikipishana kama vijia vya mbuzi.
Mbili sijui hasa zinafanya nini.
Sithubutu kuzigusa.

Shemeji aliuliza inalipa kiasi gani.
Hailipi, nikasema.
Ahaa, kumbe ni ya kanisa.
Nilifikiri kidogo. Hakuwa mbali sana.

Kutia sahihi ufunguo wa mtu si kusema ni mwema.
Huenda anaiba mbao Mafinga.
Ni kusema tulikaa uso kwa uso,
nikashika kitambulisho chake, nikakigeuza,
akanisomea tarakimu na herufi zake arobaini,
nne nne, bila kuruka,
na huu ni ufunguo wake, si wa mwingine.
Basi.
Ushahidi mdogo kama punje ya ulezi,
na barua zote zilizofungwa zimekalia punje hizo.

Agosti ikaja taarifa ya hitilafu:
programu inazimika ikifika kwenye jina langu.
Kastuli Ng'umbi, Kilolo.

Nilisaka wiki mbili.
Mstari wa mia tisa na kumi na mbili:
mtu fulani, mbali, miaka mingi nyuma,
aliona ritifaa akadhani ni mlango wa nukuu.
Kompyuta ilisoma Ng,
kisha ikasimama mdomo wazi
kungoja alama ya kufungia isiyokuja.
Nani angemwambia
kwamba kwetu kile kialama kinachoning'inia ni herufi nusu,
ukikiondoa, anayeng'oa kisiki anabaki na ngoa?

Nikaweka mkwaju mmoja wa kinyume.
Wiki mbili, alama moja.

Jumamosi tulikutana wanane, chumba cha kukodi Gangilonga,
chai ya rangi, viazi vya kuchemsha na chumvi.
Kastuli alikuja kwa pikipiki, vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Akanisomea arobaini zake. Hakukosea hata moja.
Akanipa kitambulisho.
NGUMBI.
Nikakigeuza. Nikakirudia.
Karani alisema mashine yao haina hicho kidude, akaeleza.
Kicheko kikazunguka meza. Mimi sikucheka vizuri.

Kanuni naijua, maelezo yake niliyaandika upya mwenyewe:
jina la ufunguo na la kitambulisho yafanane.
Sikuandika yakaribiane.
Nikamwambia, hebu litamke.
Akalitamka, la puani, zima,
na nilimwamini kabisa,
na kumwamini sicho kilichokuwa kinatakiwa.

Akamaliza chai yake. Hakukasirika, au alificha.
Akaniachia kiazi kimoja, akawahi njia;
pikipiki yake ina taa moja, nayo hukonyeza.

Usiku ule nilitoa toleo jipya.
Atakayelishusha, popote alipo,
akisoma orodha ya mabadiliko hadi chini atakuta:

Imerekebishwa: majina yenye ritifaa hayazimi tena programu.
Shukrani kwa Kastuli Ng'umbi,
ambaye ufunguo wake bado sijautia sahihi.