Kikomo

Tangi la mvua la bibi Akwitende, hapa Newala,
lina mstari wa chokaa ndani:
maji yakifika hapo, geuza mfereji.

Mimi natunza barua pepe za ushirika wa korosho.
Seva mbili, pacha: moja ikizirai, mwenzake anashika usukani.
Kila saa kumi na moja alfajiri hifadhidata inajipima.
Ikizidi gigabaiti kumi na nane, inajifunga kama konokono.

Msimu ukaingia. Stakabadhi, picha za magunia, bei za mnada,
na meneja Mchopa hafuti hata salamu za Idi ya mwaka juzi.

Jumanne nikapandisha kikomo: sabini na tano.
Tarakimu mbili tu, kwenye seva ya kwanza.
Nikalala usingizi wa mwizi aliyesamehewa.

Alhamisi usiku umeme ukakatika.
Ya kwanza ikazirai. Ya pili ikashika usukani,
nayo, maskini, ilikuwa haijaambiwa.
Ikajipima kwa fimbo ya zamani,
ikafunga mlango, bei za Tandahimba zikiwa ndani.

Ukungu dirishani, sweta juu ya kanga,
nikaandika namba ile ile mara ya pili.
Pacha hawaambizani. Kila mmoja aitwe kwa jina lake.

Zikamiminika barua mia nne na tisa.
Mchopa akapiga simu: “Somoe, sasa hatujai tena?”

Nikamwona bibi, mwaka ule wa mvua nyingi,
akiufuta mstari, akiuchora juu zaidi,
kisha akiligonga tangi kwa kifundo cha kidole:

halijanenepa.